Redio Uliyoisikiliza Peke Yako

Kwako Baba Mwanahawa,

Hali yako sikuulizi. Mwanao amenieleza yote: miguu imevimba, usingizi umekukimbia, na msikitini siku hizi unapelekwa kwa kushikwa mkono. Pole. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Barua hii sikuitia kwenye bahasha, na nimemwambia Mwanahawa akusomee barazani, mchana kweupe, majirani wakiwepo, na asipunguze sauti hata kidogo. Najua hutapenda. Wewe ulizoea kusikia mambo peke yako.

Mwanahawa alinijia na maombi mawili kutoka kwako. La kwanza alilisema akicheka: baba anataka redio mpya, ile ya zamani imekufa kabisa, na anasema Lindi nzima hakuna anayejua kuchagua redio kama mama. La pili alilisema akitazama chini: baba anaomba radhi. Nikamwambia akae kwanza anywe uji, nikaendelea kubangua korosho. Nitayajibu yote mawili. Lakini kabla ya hapo tukumbushane kidogo, maana nasikia unawaambia watu kwamba tuliachana kwa sababu ya redio. Ni kweli. Ila huwaelezi redio yenyewe ilikuwa ya nini.

Mwaka ule ndio kwanza tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha barabarani hapo Rutamba, nyumba zimepangwa mstari mmoja, mikorosho yetu tumeiacha kule kwenye mahame, kijiji chetu cha zamani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mama yangu hakuyaweza maisha yale. Magoti yalikuwa yamemshinda, kaka Selemani akaja akamchukua kwenda kumtibia Dar es Salaam. Siku ya kuondoka, mama amekwishapandishwa kwenye lori, kaka alinivuta pembeni. "Tatu," akaniambia, "barua za huku zinachelewa mno. Likitokea lolote nitatangaza redioni. Tafuteni redio." Ulikuwepo, Baba Mwanahawa. Ulikuwa umesimama ubavuni mwangu umebeba mkeka wa mama. Ukaitikia mbele yangu, "Tumesikia, shemeji. Hilo niachie mimi."

Korosho zilipouzwa tukadandia lori la ushirika kwenda Lindi, tumekaa juu ya magunia matupu. Nilikuwa na furaha, sikufichi. Ulikuwa umevaa kanzu yako ya Idi, unanitania njia nzima kwamba nikishapata redio nitaacha kupika. Nikakuambia nitapika huku nasikiliza, na siku ukinikera nitaongeza sauti nisikusikie. Lori zima likacheka, nawe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu watu wakisikia habari zetu wanadhani hatukuwahi kupendana. Nilikupenda sana.

Dukani kulikuwa na redio mbili zilizotufaa. Moja kubwa, sanduku la mbao, mbele ina kitambaa cha rangi ya udongo. Ya pili ndogo, imevaa ngozi nyeusi yenye vitundu, ina mkanda wa kutia begani, na ilikuja na waya mwembamba wenye kidude mwishoni cha kuchomeka sikioni, mtu asikilize bila mwingine kusikia. Mwenye duka alikiita kisikizio. Ulikigeuza kile kidude mkononi mwako kama mtu anayejaribisha pete.

"Mama Mwanahawa, mwanamke hachagui redio," ulisema kwa mzaha. "Ina nyaya humo ndani."

"Mimi siifungui," nikakujibu. "Naisikiliza."

Nikamwomba mwenye duka aziweke zote mbili kwenye kituo kimoja, na asiniwekee muziki, aniwekee mtu anayesema. Muziki huficha ubovu. Redio mbaya utaijua mtu akizungumza, utamsikia kama amebanwa pua, na kila penye s pana mluzi. Kisha nikamwambia aongeze sauti mpaka mwisho. Ndogo ikaanza kukoroma. Kubwa ikajaa chumba, lakini kila neno likasikika. Bado sikuridhika. Nikatoka nje, nikapita kwa fundi cherehani, nikaingia ua wa jirani ambako mama mmoja alikuwa anachoma maandazi, nikasimama karibu na karai lake nimegeuza mgongo. Nilitaka kujua kama nitasikia jina la mtu nikiwa jikoni, mafuta yanachemka. Ilipowashwa ndogo nilisikia kelele tu. Ilipowashwa kubwa nilisikia tangazo la kifo, jina la marehemu na majina ya ndugu zake, watu wa Bara huko nisiowajua. Nikainamisha kichwa kuwasikiliza. Yule mama akaniuliza, "Umefiwa, dada?" Nikamwambia, "Hapana, nanunua redio."

Nilirudi nikakuambia ni hii kubwa. "Haya, umeshinda," ukasema. Mimi nikatangulia kwa shangazi yangu wa pale mjini kwenda kuoga na kula. Alasiri ukaja kunichukua, na begani umening'iniza ile ndogo. Ukasema kubwa inakula betri nyingi, kuibeba nayo ni taabu, lakini hii mtu anakwenda nayo popote. Shangazi akakusifu, akasema umependeza nayo. Na kweli ulikuwa umependeza. Sikusema kitu kwa sababu tulikuwa ugenini, na kwa sababu nilidhani redio ni redio, mradi tunaishi nyumba moja.

Siku za mwanzo uliiwasha kwa sauti, majirani wakajaa uani. Baadaye betri zikaadimika. Tukawa tunazianika juani juu ya ungo, pamoja na muhogo, zipate nguvu kidogo. Ndipo ulipoanza na ule waya. Ukasema sauti ya nje inamaliza betri. Kila jioni ukikaa kibarazani, waya unatoka sikioni unaingia kifuani, unacheka peke yako, unatikisa kichwa peke yako, unasema "Ala!" peke yako. Nikiuliza wanasemaje, unajibu mambo ya siasa. Mara moja tu ulinichomekea mimi. Kulikuwa na mwanamke anaimba taarabu, na sauti yake ilinijia karibu mno, nikajikuta nimeshika mkono wako. Ukakiacha kwangu mpaka akamaliza. Jioni ile ningekusamehe redio kubwa na vyote vilivyomo dukani.

Tulipatana jambo moja. Kila siku kabla ya taarifa ya habari utasikiliza matangazo ya vifo, mimi nikiwa jikoni, na ukimaliza nitakuuliza. Nikawa nakuuliza: "Leo je?" Nawe unajibu: "Leo hakuna wetu." Mwanahawa alikuwa mdogo, akayazoea maneno hayo mpaka akawa anayacheza na wenzake.

Sasa tuje kwenye jioni yenyewe. Ilikuwa msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini. Zuhura, binti wa dada yako, alikuwa ndani unyagoni, na kwenu, kama kwa Wamwera wengine, mjomba ndiye mwenye mwali. Wewe ndiye uliyealika, wewe ndiye uliyetafuta mchele na mbuzi, na jina lako ndilo lingesifiwa au kuchekwa. Mimi, mke wa mjomba, ndiye niliyetakiwa nitangulie mbele siku ya kumtoa, nimevaa kanga mpya na vigelegele mdomoni. Ngoma za kumtoa zilikuwa zianze kesho yake. Nilikuwa mlangoni pa jiko namenya ming'oko, na nilikuwa nakuona vizuri. Ghafla ukakaa wima. Ukakishika kile kidude kwa vidole viwili, ukakisukuma ndani zaidi. Ukakaa hivyo kwa muda. Halafu ukakitoa, ukauzungusha waya mkononi taratibu, ukautia mfukoni.

"Leo je?" nikauliza.

"Leo hakuna wetu."

Ukanawa mikono, ukala. Ukasema ming'oko imeiva vizuri, ukaniomba nikuongeze.

Kesho yake wanawake wa kwenu wakanipaka hina. Nikacheza, Baba Mwanahawa. Najijua nikicheza, nawe unanijua. Nilicheza mpaka vijana wa ngoma wakawa wananiita jina. Jua likiwa limepanda nikamwona mama mdogo Esha anakuja kutoka Kilangala, mdogo wake mama, tumbo moja. Kajitanda kanga mpaka usoni, kichwani ana kikapu cha unga, nyuma yake wanawake wawili wa jirani yake. Nikafurahi. Nikadhani amekuja kwenye shughuli yetu, tena kaja na chochote mkononi. Nikatoka katikati ya duara kumpokea, jasho linanitiririka.

"Shikamoo, mama mdogo!"

Hakuitikia. Alinitazama miguu yenye hina, akapanda na macho mpaka kwenye kanga mpya, kisha akageuka na kikapu chake kichwani. Wale wawili wakamfuata. Nikabaki nimesimama, nikijiuliza kama sikumwalika kwa adabu. Nawe ulikuwa pale karibu na wapiga ngoma. Uliona. Najua uliona kwa sababu nilikutazama nikitaka uniambie ameudhika nini, nawe ukainama ukaanza kumwelekeza kijana jinsi ya kupasha ngozi ya ngoma motoni.

Shughuli ilipokwisha nikapakua wali na nyama kwenye sinia, nikafunika kwa kawa, nikaenda Kilangala kumwomba radhi mama mdogo kwa kutomwalika vizuri. Nilikuta mkeka umetandikwa, wanawake wamekaa wamejifunika. Nikauliza kafa nani. Mmoja akasema, "Kwani nyumba yenu haina redio?" Mwingine akasema, "Jina la mumeo limesomwa, na lako limesomwa. Tatu wa Rutamba. Tumelisikia sote hapa." Mama mdogo hakuinua uso. Alisema neno moja tu, taratibu, kama anazungumza na mkeka.

"Udongo wa dada yangu haujakauka, wewe umejipaka hina."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba mama yangu amekufa. Wali ulikuwa bado wa moto kichwani mwangu.

Niliwaambia sikusikia. Nililia, nikaapa, hakuna aliyeamini, na siwalaumu. Kwetu mwanamke hapigiwi ukelele wa msiba njiani. Huambiwa mume, naye humkalisha mkewe akamweleza, ndipo watu wanaingia. Na nyumba yenye redio, iliyotajwa redioni kwa jina, itapelekewa mjumbe wa nini? Walisubiri tutandike mkeka. Hatukutandika. Mama mdogo akajifariji kwamba labda nimezidiwa na huzuni, akafunga unga wake akaja kunililia nyumbani kwangu, akanikuta uwanjani. Kijijini kwetu redio nyingine ilikuwa ya duka la ushirika, nayo siku hizo ilikuwa haina betri. Kwa hiyo waliocheza nami hawakujua, na waliojua walidhani ninajua. Uliyejua yote mawili ni wewe.

Nilipokuuliza hukukana, hilo nakupa. "Nilisikia," ulisema. "Ningekuambia ngoma ingevunjika. Na mama walikuwa wanamzika siku ile ile. Ungefika kufanya nini?"

Ningefika kufanya nini! Nisingefika, najua. Ningekaa chini. Ningevua hereni. Wanawake wa kijiji wangenijia na maji ya moto, wangenishika mabega, na mimi ningemlilia mama yangu siku ambayo watu wote wanamlilia. Badala yake nilimlilia peke yangu kwenye njia ya mahame, wakati kila mtu amekwishafuta machozi. Hata kaka Selemani, alipokuja, alikuwa amekwishasimuliwa. Alinipa kanga mbili za mama, akaziweka juu ya kiti wala hakunipa mkononi.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Sikukuomba pesa, sikukuomba redio kubwa. Nilikuomba twende wote Kilangala, ukae mbele ya mama mdogo na wanawe, useme: "Nilisikia mimi, nikamficha, yeye hakujua." Basi. Maneno yasiyozidi yale ya kuagizia chumvi dukani. Ukasema, "Mimi mjomba mwenye mwali, nikaseme nilimchinja mbuzi wa ngoma, mama mkwe wangu ndio kwanza kazikwa? Yatapita, Mama Mwanahawa. Watu husahau." Jioni ukakaa kibarazani, ukachomeka waya sikioni.

Nikaomba talaka mbele ya balozi wa nyumba kumi, ukaitoa, wala hukueleza sababu. Watu wakaitafuta wenyewe. Wakasema mke wa Issa ameacha ndoa kwa kunyimwa redio ya sanduku. Mpaka leo nikipita huko kuna wanaoulizana, "Ni yule wa redio?" Nami nacheka nao, nifanyeje.

Hayakupita. Mama mdogo Esha alikufa hajaniitikia shikamoo. Kila nilipokwenda Kilangala nilimwamkia, na kila mara aliendelea na kazi yake. Nilizikwa hai, Baba Mwanahawa, na ndugu zangu mwenyewe. Msiba ukitokea kwetu naambiwa mwisho, nakalishwa mlangoni pamoja na wageni. Kuna binamu yangu mmoja, mwenye mdomo, husema nikiingia, "Nafasi mpeni Tatu, asije akakosa pa kuchezea." Watoto wake hucheka. Hawajui hata wanacheka nini.

Redio yangu niliinunua mwenyewe, kwa mihogo na vikapu, baada ya kungoja sana. Ni ya sanduku. Huiwasha kwa sauti ya kufika kisimani, betri ziishe zisiishe. Matangazo ya vifo nayasikiliza yote, ya watu wa Mwanza, ya watu wa Moshi, na nikisikia jina la mtu wa huku natoka mwenyewe kwenda kumwambia mwanamke mwenye msiba, mumewe awepo asiwepo. Wanaume wengine wamenichukia kwa hilo. Lakini hao hao, wakitaka kununua redio, hunifuata niwachagulie. Nawaambia wasiangalie ngozi wala mkanda. Waweke mtu anayezungumza, waongeze sauti mpaka mwisho, kisha wamwambie mke akasimame jikoni. Akisikia, wanunue. Asiposikia, warudishe.

Haya, ombi lako la kwanza. Nimekwenda Lindi na Mwanahawa. Maduka siku hizi ni rafu tupu, tulizunguka mpaka tukapata moja ya maana. Si mpya, lakini fundi ameifungua mbele yetu na spika yake haijachanika. Vitufe ni vikubwa, utavipata hata kwa kupapasa. Sauti nimeijaribu kwa masikio yangu, ni safi, mtu akisema unamwona. Ilikuwa na waya wake wa sikioni. Huo nimemwachia mwenye duka. Utaisikiliza na watu wa nyumba yako. Redio nzuri nimekuchagulia kwa moyo mmoja, kwa sababu baba wa mwanangu hawezi kulala macho usiku kucha hana hata wa kumsemesha.

Ombi la pili. Mwanahawa amenisihi sana. Amesema, "Mama, baba ni mgonjwa, mpe radhi apumzike." Nimemwambia radhi si kitu cha kutumiwa kwenye kikapu pamoja na ndizi. Unaniomba mimi kwa siri, kwa mdomo wa mtoto, jambo ulilolikosea mbele za watu. Nikikupa leo utapumzika wewe, na mimi nitabaki mlangoni na wageni.

Mama mdogo hayupo, lakini wanawe wapo Kilangala, wote. Kaka Selemani yupo, na ameahidi kushuka msimu huu. Gari la ushirika linapita kwako, na Mwanahawa atakushika mkono. Nenda. Kaa mbele yao, sema kwa sauti watoto nao wasikie: nilisikia mimi, nikamficha, yeye hakujua. Ukimaliza, mimi nitakuwa hapo hapo, nitakupa radhi yote, ya moyoni, na nitakuandalia maji ya kunawa kama zamani.

Ila usiponisemea, Issa, ukaamua kwenda nalo kaburini, basi jua mapema. Siku jina lako litakaposomwa, mimi nitalisikia, na kila mtu atajua nimelisikia. Na nitavaa kanga mpya, nitapaka hina, nitatoka nje nicheze.

Wasalamu,
mzazi mwenzio,
Mama Mwanahawa